Wakala Apewe Ufunguo wa Mlango Upi?

Tarehe 11 Novemba 2020 Ethereum ilikuwa hai na nzima, lakini watu wengi walidhani imezimika. Watumiaji wa pochi ya MetaMask walipata taabu kuona salio lao, na soko la Binance likasitisha kwa muda utoaji wa sarafu ya Ethereum. Mnyororo wenyewe ulikuwa unaongeza bloku kama siku zote. Kilichoharibika ni Infura, huduma ambayo programu nyingi zilikuwa zikiitegemea kusoma yaliyomo kwenye mnyororo. Seva zake zilikuwa bado zinaendesha toleo la zamani la programu ya Geth. Toleo hilo likatofautiana na yale mapya juu ya uhalali wa bloku moja, na kuanzia hapo Infura ikajikuta upande wa wachache, ikisoma historia ambayo wengine hawaitambui.

Wapenzi wa blokucheni husema kwamba haina bawabu. Kwa upande wa kuandika, wana haki kwa kiasi kikubwa. Kwa upande wa kusoma, hapana. Kati ya mnyororo na mtu aliyeshika simu kuna nodi (kompyuta zinazotunza nakala ya mnyororo), hifadhidata, faharasa, na wahandisi wanaoamshwa usiku wa manane kitu kinapokwama. Ndiyo kazi ambayo sasa inaanza kukabidhiwa mawakala wa akili mnemba, yaani programu unazozielekeza kwa mazungumzo ya kawaida, nazo zikaenda kupiga amri zenyewe. Mimi sina ugomvi na jambo hilo. Ninachogombania ni funguo: wakala apewe zipi, na zipi zibaki mfukoni mwa mtu.

Kwanza tuone kwa nini kusoma mnyororo ni kazi. Ethereum ina nafasi ya bloku moja kila sekunde 12, na zikijaa zote hizo ni bloku 7,200 kwa siku. Ni kama daftari la mikopo la mwenye duka aliyeandika kila kitu kwa kufuata saa, bila ukurasa wa Asha wala wa Juma. Salio la Asha la leo nodi itakupa. Ukitaka kujua amewahi kutumiana fedha na nani tangu mwaka juzi, ni lazima mtu apekue daftari zima.

Na maandishi yake hayakuandikwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Mtu akituma USDT 100, tokeni inayofuata thamani ya dola, kinachobaki kwenye kumbukumbu ni alama ndefu inayoanza na 0xddf252ad, ambayo ndiyo chapa ya tukio la uhamisho, kisha anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, na mwisho 0x5f5e100. Hiyo ya mwisho, ukiitoa kwenye mfumo wa kumi na sita, ni 100,000,000. Mbona milioni mia wakati zimetumwa mia? Kwa sababu mkataba wa USDT, yaani programu inayoiendesha tokeni hiyo kwenye mnyororo, huhesabu tarakimu sita baada ya nukta. Tokeni nyingine nyingi, DAI ikiwamo, huhesabu kumi na nane. Tutarudi hapo, maana hapo ndipo mawakala wanapojikwaa.

Faharasa ndiyo inayoyageuza maandishi hayo kuwa majedwali yanayoulizika. Mradi wa The Graph, ulioanza mwaka 2018 na kufungua mtandao wake mkuu Desemba 2020, umeifanya kazi hiyo kuwa ya mafaili matatu: moja linataja mkataba wa kufuatilia na bloku ya kuanzia, la pili linaeleza sura ya data, la tatu ni msimbo wa kuchakata kila tukio. Ni kazi ndogo kwa kuitazama. Lakini ukisahau kuandika bloku ya kuanzia, mashine itaanza kwenye bloku ya sifuri. Mkataba wa USDT uliwekwa Ethereum Novemba 2017, baada ya zaidi ya bloku milioni nne, na mashine yako itazipitia zote kwa uaminifu mkubwa bila kukuta kitu.

Sasa aje wakala. Modeli ya lugha peke yake haijui bloku iliyofungwa dakika moja iliyopita. Imejifunza kutokana na matini ya zamani. Kinachoifanya iwe wakala ni zana inazoruhusiwa kuzishika. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki ya wazi, Model Context Protocol, inayoziwezesha modeli kuita zana za nje kwa utaratibu mmoja. Ujumbe wake husafiri kwa mtindo wa JSON-RPC 2.0, mtindo uleule ambao nodi za Ethereum hujibia maswali. Kuunganisha pande hizo mbili, kwa hiyo, hakukuwa kazi ya kutoa jasho.

Chukua hitilafu ambayo wajenzi wa faharasa wanaifahamu sana. Faharasa ya soko la tokeni imesimama. Mhandisi anaandika: "Faharasa imekwama tangu usiku, hebu nitazamie." Wakala anaiuliza nodi bloku yake ya mwisho, anaiuliza faharasa imefika wapi, anaona pengo la maelfu ya bloku. Anafungua kumbukumbu za hitilafu na kukuta kwamba msimbo ulianguka ulipouliza tokeni fulani kifupisho cha jina lake. Tokeni hiyo ni MKR ya mradi wa Maker, mkataba wa zamani ulioandikwa kabla desturi haijatulia. Wenyewe hurudisha kifupisho kama baiti 32 badala ya matini. Msimbo uliosubiri matini unaporudishiwa baiti hufa, na kwa kuwa bloku husomwa kwa zamu, faharasa nzima husimama palepale. Wakala anapendekeza marekebisho mawili: swali liulizwe kwa namna isiyouangusha msimbo likikosa jibu linalotarajiwa, na iwepo njia ya pili ya kusoma baiti 32. Mhandisi mgeni angeweza kumaliza siku nzima akilitafuta kosa hilo. Wakala hulipata kabla chai haijapoa.

Hapa ufunguo sioni ubaya kuutoa, hata ule wa kufuta na kujenga upya. Faharasa ikiharibika, chanzo chake kiko palepale kwenye mnyororo. Utapoteza saa au siku za kusoma upya, na bili ya seva itapanda, basi. Linganisha na yaliyomkuta mwekezaji Jason Lemkin Julai 2025, alipoeleza hadharani jinsi wakala wa jukwaa la Replit alivyofuta hifadhidata iliyokuwa kazini, ingawa aliagizwa asibadilishe chochote. Wakala huyo akamwambia pia kwamba data haiwezi kurudishwa. Iliwezekana, na ikarudishwa. Kwangu mimi kosa la pili ndilo lililo baya zaidi, maana la kwanza lilionekana mara moja na la pili lilivaa sauti ya mtaalamu.

Makosa ya kimyakimya ndiyo yanayoninyima usingizi. Rudi kwenye ile 100,000,000. Wakala akidhani USDT nayo huhesabu tarakimu 18 kama DAI, uhamisho wa dola mia utakuwa sehemu ndogo mno ya senti, na jumla ya mwezi itatoka ndogo kupita kiasi. Hiyo utaishtukia. Lakini akijumlisha tokeni mbili, moja akaihesabu sawasawa na nyingine akaikosea, atakupa namba inayoaminika, yenye koma mahali pake, na hutashtuka.

Kuna na la saa, ambalo sisi wa Afrika Mashariki tutaliona kabla ya wengine. Muda wa bloku huandikwa kwa sekunde za UTC. Ukimwambia wakala akuletee miamala ya jana kuanzia saa mbili asubuhi, akichukua saa mbili kuwa 2:00, amekosea kwa saa sita, kwani wewe ulimaanisha 8:00. Akipata hiyo lakini akasahau kwamba 8:00 ya Dar es Salaam ni 5:00 ya UTC, amekosea kwa saa tatu. Halafu jana yenyewe, kwa hesabu ya mnyororo, inaanza saa 21:00 ya juzi. Dawa ni ndogo: mwagize aandike kwanza namba ya bloku ya kuanzia na ya kumalizia, uzione, ndipo ahesabu.

Na hata bloku zenyewe, zikiwa bado mbichi, si za kuaminiwa moja kwa moja. Tarehe 25 Mei 2022 mnyororo wa Beacon wa Ethereum ulitupa bloku saba na kufuata tawi jingine. Kwa sasa bloku huhesabiwa kuwa ya kudumu baada ya dakika 13 hivi. Nodi inaweza kuulizwa kwa namna zote mbili, bloku ya karibuni kabisa au ya mwisho iliyokwisha kuwa ya kudumu, na wakala asiyeelekezwa huenda akachukua ya karibuni kwa sababu ndiyo inayosikika kuwa jibu la swali.

Hayo yote ni makosa ya kukosea. Kuna ya kukoseshwa. Tangu bloku ya kwanza kabisa ya Bitcoin, tarehe 3 Januari 2009, ambamo Satoshi Nakamoto aliingiza kichwa cha habari cha gazeti la Times la London, mnyororo umekuwa mahali ambapo yeyote mwenye ada anaweza kuandika maneno yake na yasifutike. Leo pochi nyingi hupokea tokeni zisizoombwa, ambazo majina yake ni anwani za tovuti za matapeli. Mtu hulitazama jina hilo na kulipuuza. Wakala hulisoma. Kwake maagizo ya bosi na jina la tokeni vyote ni matini iliyo mbele yake, na modeli hazina ukuta madhubuti wa kutenganisha kinachoamrishwa na kinachosomwa.

Jinsi ukuta huo ulivyo mwembamba ilionekana Novemba 2024 katika mchezo wa Freysa. Wakala alikabidhiwa fedha na kuamriwa asizitoe kwa hali yoyote. Watu walilipia kila ujumbe wakijaribu kumshawishi. Ujumbe wa 482 ulifanikiwa. Mwandishi wake alimfanya wakala aamini kwamba kazi ya zana ya kuidhinisha malipo ni kupokea fedha zinazoingia, kisha akajifanya anataka kuchangia. Wakala akaidhinisha, na dola takriban 47,000 zikaenda. Haikuwa lazima kuvunja mfumo wowote. Maneno yalitosha, na maneno ndiyo yaliyojaa kwenye mnyororo. Ndiyo maana nasema wakala anayesoma data ya watu baki asishike ufunguo wa kusaini miamala hata siku moja, hata kwa kiasi kidogo, hata kwa majaribio ya wiki moja ambayo baadaye hakuna anayekumbuka kuyafunga.

Kusoma kwenyewe nako kuna wa kuumia. Mtandao wa Sarafu nchini Kenya, ambao mizizi yake ni fedha za jamii za Bangla-Pesa zilizoanzishwa mwaka 2013 katika kitongoji cha Bangladesh, Mombasa, ulihamia kwenye blokucheni huku wateja wakitumia simu za kawaida. Watafiti walipochapisha data yake ya kuanzia Januari 2020 hadi Juni 2021, yenye watumiaji wapatao 40,000, waliondoa utambulisho na kubakiza mambo kama eneo, jinsia na aina ya biashara. Ni hazina kwa anayetaka kujua fedha huzungukaje mtaani wakati wa dhiki. Lakini mnyororo wa wazi hauhaririwi na watafiti. Kilichomlinda muuza mboga hadi sasa ni ugumu wa kutafuta, na ugumu huo ndio mawakala wanaouondoa. Mtu ambaye hangeweza kuandika mstari mmoja wa msimbo sasa ataweza kuuliza jirani yake alilipwa na nani.

Basi saini zibaki kwa binadamu? Ndiyo, ila tusidhani tumemaliza. Tarehe 21 Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa Ethereum zenye thamani ya takriban dola bilioni 1.5, wizi ambao FBI iliutaja kuwa wa Korea Kaskazini. Hakukuwa na wakala. Walikuwapo watu kadhaa, kila mmoja na ufunguo wake, wakiidhinisha kile ambacho ukurasa wa programu ya Safe uliwaonyesha kuwa uhamisho wa kawaida. Msimbo wa ukurasa huo ulikuwa umechezewa. Muamala waliosaini kwa kweli ulikuwa na kisanduku kidogo cha aina ya operesheni chenye tarakimu 1, inayoruhusu mkataba wa mgeni kufanya kazi ndani ya pochi yao kana kwamba ni wa kwao.

Wakala asiye na ufunguo wowote, anayeletewa baiti zinazosubiri saini kwa njia nyingine kabisa, bila kupitia ukurasa ule, ana kazi moja tu ya kufanya hapo: kuzifumbua na kuuliza kwa nini kisanduku hicho kina 1, wakati uhamisho wa kawaida huandikwa 0.