Simu ya Katesh na Swali la Mzee

Majuzi nilifika Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, nikitokea Mbulu kwa njia ya Dongobesh na Haydom. Ilikuwa siku ya mnada. Nje ya kibanda cha kuchajia simu vijana watano walikuwa wameinamia simu moja, nami nikadhani wanatazama mpira. La hasha. Ilikuwa video ya mtu mwenye bunduki, akiongea Kiswahili fasaha kuliko changu, akiwaita vijana waende kupigana. Vijana wale walikuwa wanacheka. Kando yangu aliketi mzee mmoja wa Kiiraqw aliyeleta mbuzi kuuza, yeye hakucheka. Akaniuliza: "Wewe wa redio, hebu niambie. Wa kwangu siku akiacha kucheka, nimpeleke kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Leo nataka tulitafute pamoja.

Sisi wa mijini tukisikia neno ugaidi hukumbuka Agosti 7, 1998, mabomu yalipolipuka katika balozi za Marekani, yakaua watu 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi. Wakati ule mtu alihitaji kufuatwa, kushawishiwa, hata kusafirishwa hadi kambi za mbali. Safari hiyo iliacha nyayo, na polisi hufuata nyayo. Sasa linganisha na Agosti 25, 2021. Hamza Mohamed aliua askari polisi watatu na mlinzi mmoja karibu na Ubalozi wa Ufaransa, Dar es Salaam, kabla ya yeye mwenyewe kupigwa risasi. Baada ya uchunguzi polisi walieleza kuwa itikadi ile aliipata katika mitandao ya kijamii. Safari yake, kwa maelezo hayo, ilikuwa ndani ya simu.

Safari ya namna hiyo huendaje? Mitambo ya kampuni za mitandao hupima umetazama nini na kwa muda gani, halafu hukuletea kinachofanana nacho, mara nyingi kikali zaidi, maana kikali ndicho kinachokushika. Baadaye mtu usiyemjua anakuandikia kwa upole na kukukaribisha kundi la siri. Kampuni hufuta baadhi ya mambo hayo, lakini masikio yao yamezoea Kiingereza. Kiswahili wanakisikia kwa shida. Kiiraqw na Kidatoga je?

Wapo watakaosema Mbulu na Hanang ni nchi ya makanisa, hayo hayawahusu. Waende Kilifi, Kenya. Mwaka 2023 msituni Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie, ambaye mahubiri yake yalisambaa kwa televisheni na YouTube, alishtakiwa, na miongoni mwa mashtaka yake yamo ya ugaidi. Na huko Christchurch, New Zealand, Machi 2019, aliyeua Waislamu 51 misikitini alirusha mauaji yale moja kwa moja kwenye Facebook. Ugonjwa huu hauulizi dini.

Basi Serikali ifanye nini? Dawa ya haraka ni kuzima mtandao, kama ulivyozimwa Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi. Mimi siiafiki. Watu wa Katesh wanaikumbuka Desemba 3, 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Siku ile kila mwenye ndugu huko alishika simu.

Dawa nyingine ni Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002. Ni sheria kali, na kwa muuaji iwe kali. Lakini kosa la ugaidi halina dhamana, na tumeona masheikh wa Uamsho wa Zanzibar wakikaa mahabusu miaka mingi hadi Juni 2021, mashtaka yalipofutwa. Mzazi anayajua hayo. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye taarifa aitoe. Kwa hiyo baba mwenye mashaka tu, ambaye mwanawe hajamgusa mtu, anaona njia mbili: anyamaze au amtoe mtoto wake. Wengi watanyamaza.

Hapana budi iwepo njia ya tatu, iliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe. Aprili 2015 Kenya ilitangaza msamaha kwa vijana waliotoka Al-Shabaab, lakini tangazo la waziri si sheria, na wengi waliogopa kujitokeza. Mjini Aarhus, Denmark, polisi na halmashauri walikaa meza moja, wakampa kijana mtu mzima wa kumsikiliza, kumtafutia shule na kazi. Aliyetenda kosa alipelekwa mahakamani. Kwetu Mbulu meza hiyo ingeweza kuwa na mwalimu, padri, mchungaji, sheikh na wazee wa ukoo ambao tayari husuluhisha mengi, pamoja na ofisa wa ustawi wa jamii. Polisi wawepo, ila wasiwe wa kwanza kufunguliwa mlango.

Mzee yule aliuza mbuzi wake saa nane. Tulipoagana akaniambia mwanawe yuko Arusha, anaendesha bodaboda, na tangu mavuno hajapiga simu nyumbani.