Kichocheo Hakitoi Nishati: Ugeuzaji wa Hewa Ukaa kuwa Methanoli na Athari Zake kwa Sera

Istilahi kichocheo imezoeleka katika vitabu vya kemia, nayo imetokana na kitenzi chochea. Mtu anayechochea moto kwa kusukuma kuni jikoni hutenda mambo mawili: huharakisha uwakaji na huongeza kinachoungua. Kichocheo cha kikemia hutenda la kwanza pekee. Tofauti hiyo ni ya msingi kwa washauri wa sera wanaotathmini mapendekezo ya kugeuza hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, kuwa bidhaa.

Kaboni dioksidi inafanana na majivu: ni mabaki ya kitu kilichokwisha kutoa nishati yake. Ili iwe fueli tena, sharti irudishiwe nishati. Katika utengenezaji wa methanoli, molekuli moja ya kaboni dioksidi huungana na tatu za haidrojeni, zikatoa methanoli na maji. Kichocheo cha shaba, oksidi ya zinki na alumina huuwezesha mmenyuko huo kwenda kwa kasi ya kufaa kiwandani, katika nyuzijoto 200 hadi 300 za Selsiasi na shinikizo kubwa. Nishati yenyewe huletwa na haidrojeni.

Mfano halisi upo Svartsengi, nchini Aisilandi. Kiwanda cha kampuni ya Carbon Recycling International, kilichopewa jina la mwanakemia George Olah, kilianza kazi mwaka 2012. Uwezo wake ulikuwa tani 4,000 za methanoli kwa mwaka, kwa kutumia takriban tani 5,500 za kaboni dioksidi kutoka kituo cha jotoardhi kilicho jirani. Haidrojeni ilipatikana kwa kuchanganua maji kwa umeme.

Hesabu ya umeme ndiyo kiini cha suala hili. Tani moja ya methanoli huhitaji takriban kilo 188 za haidrojeni. Iwapo kila kilo hugharimu kilowati-saa 50 hivi, tani hiyo humeza zaidi ya megawati-saa 9, ilhali ikiunguzwa hurudisha takriban 5.5 tu, pamoja na kaboni dioksidi ileile. Umeme huo ukitokana na makaa ya mawe, zaidi ya tani 8 za kaboni dioksidi zitatolewa ili kutumia tani 1.4.

Kwa Kenya, yenye vituo vya jotoardhi Olkaria na wataalamu wengi waliopata mafunzo Aisilandi, mfano huu una mvuto wa dhahiri. Hata hivyo, ubora wa kichocheo hauwezi kufidia uhaba wa umeme safi. Kwa hiyo, nyaraka za sera zinapotumia istilahi kichocheo, hazina budi kuifafanua: ni dutu inayoharakisha mmenyuko bila yenyewe kumalizika na bila kuongeza nishati. Msomaji akilielewa hilo, swali lake la kwanza litakuwa umeme unatoka wapi, na nani ataukosa ukipelekwa kiwandani.