Fomu ya Kwa Simu Hujuaje Isiulize Guka Kama Ako na Ball?

Kama umekulia side za Ainabkoi, unajua ile kitu: msee anabisha mlango, anatoa simu, maswali yanaanza. AMPATH ya Eldoret walikuwa kati ya wa kwanza kutumia ODK, app iliyoanzia University of Washington mwaka 2008, kupima watu HIV nyumba kwa nyumba.

Sasa cheki. Hakuna mtu alichora hizo skrini. Ndani ya simu kuna faili ya XML, maandishi tu, kila swali na lebo zake. App inaisoma na kujenga: ikipata "select1" inaweka viduara vya kuchagua moja, ikiambiwa jibu ni tarehe inaleta kalenda. Na "relevant" ndio bouncer. Swali la mimba haliingii mpaka jinsia iwe "ke".

Hapo ndio kuna ngori. Mwenye kuandika akiweka "KE" na jibu linahifadhiwa "ke", app hailii. Inaficha tu hilo swali kwa madem wote, na mathe mjamzito mwenye anafaa kuanzishiwa dawa mapema ndio mtoto akingwe, anapitwa hivyo tu.

So kabla uitume mtaani, ijaze mwenyewe: kwanza kama dem wa miaka 19, halafu kama guka.