Mkunazi: mti wa kiangazi unaohitajika nyumbani na msikitini

Kiangazi kilichopita msiba ulitufika hapa Bariadi. Sanda na kafuri vilikuwa tayari, lakini majani ya mkunazi hayakupatikana karibu. Tulimwosha marehemu kwa maji na sabuni, na sharia inaruhusu. Hata hivyo, tuliporejea kutoka makaburini tulijiuliza: iweje mti unaostahimili nchi kavu kama hii ukosekane uani mwa msikiti?

Waislamu tunaujua mkunazi kwa heshima yake. Umetajwa ndani ya Qur'ani katika Sura Saba, Sura An-Najm na Sura Al-Waqi'a. Mtume (s.a.w.) aliwaagiza Ummu Atiyya na wenzake wamwoshe binti yake kwa maji na mkunazi, na katika osho la mwisho watie kafuri. Mkunazi wetu ni wa jamii moja na ule wa Bara Arabu.

Katika mkoa wa Simiyu, ambako pamba na mahindi hunyauka mvua ikikatika, huu ni mti wa kutegemewa. Mzizi wake mkuu hushuka chini sana kufuata unyevu. Kunazi zina vitamini C kwa wingi, majani ni malisho ya mbuzi, maua huvuta nyuki, na matawi yenye miiba huzungushiwa zizi.

Huko India wakulima wamechagua aina zenye matunda makubwa, kama Gola, Seb na Umran, nao hubebesha jicho la aina hizo juu ya shina la mkunazi wa kawaida. Mche uliobebeshwa huzaa mapema kuliko wa mbegu, na mizizi yake hubaki imara.

Anayeanza na mbegu apasue kokwa taratibu na kupanda kiini bila kukijeruhi, kwani kokwa zima huchelewa kuota. Mche upandwe mvua zinapoanza, ukingwe na mbuzi. Kila mwaka, baada ya mavuno, matawi yapunguzwe, kwa kuwa matunda hutoka kwenye machipukizi mapya. Kunazi zilizoanguka na kuoza zifukiwe, zisizalishe nzi wa matunda.

Kamati yetu imekubaliana kupanda miche mitatu uani mwa msikiti, mbali na njia ya watoto kwa sababu ya miiba. Tunaziomba familia nazo zipande angalau mmoja. Atakachokula mtu, ndege au mnyama ni sadaka kwa aliyepanda. Na siku ya safari ya mwisho, majani yatakuwa karibu.

Wabillahi tawfiq.