Simu ya Katibu Si Ofisi ya Kikundi

Hapa Munje, kama kwingine Msambweni, vikundi vingi vya wavuvi, vya akina mama na vya kuweka na kukopa havina ofisi. Ofisi ni simu ya katibu. Majina ya wanachama, namba za vitambulisho, ujumbe wa M-Pesa na barua za wafadhili, vyote vimo mle pamoja na picha za watoto wake.

Siku moja tapeli humpigia, ajidai ni wa kampuni ya simu. Katibu akitaja namba ya siri, pesa zimekwenda. Mkutano huitwa, na kila kidole humwelekea yeye.

Lakini sisi twauliza: kamati ilimpa simu ya kazi? Ilimfundisha? Iliandika kanuni yoyote? Mwenye ngalawa akimtuma nahodha baharini na chombo chenye tundu, kikizama hawezi kukaa pwani akilaumu.

Sheria nayo yasema hivyo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya mwaka 2019, yamdai yule anayeamua habari za watu zikusanywe kwa nini na vipi. Mara nyingi huyo ni taasisi yenyewe, si karani. Ndiyo inayotakiwa kuweka ulinzi. Habari zikivuja na wenyewe wakawa hatarini, ni lazima imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kujua. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Iliyotozwa ni shule.

Hata wakubwa huteleza. Hillary Clinton, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani kuanzia 2009 hadi 2013, alitumia barua pepe yake binafsi kwa kazi ya serikali. Mei 2016 mkaguzi wa wizara alisema kanuni zilivunjwa, ila akaongeza kwamba udhaifu wa wizara hiyo ulikuwa wa siku nyingi, kabla yake.

Basi kamati ifanye nini?

1. Inunue simu na laini ya kikundi, na ifungue barua pepe ya kikundi. Anayeondoka madarakani aviache.
2. Pesa zisitoke kwa idhini ya mtu mmoja.
3. Namba ya siri asitajiwe mtu yeyote, hata akisema ni wa kampuni ya simu.
4. Kanuni ziandikwe na zisomwe mkutanoni. Aliyekosea aseme siku ile ile. Akiogopa kufukuzwa atanyamaza, na saa 72 zitapita.

Jamani, hatumtetei mwizi. Aliyeiba ajibu kortini, na mzembe aonywe. Ila katika mkutano ujao, kabla ya kumuuliza katibu lolote, muulizeni mwenyekiti: simu ya kikundi iko wapi?