Mlima wa Moto Haupigi Hodi



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wanalizungumzia siku ya hatari tu. Hatari ikipita, wanalisahau. Siku ile maji, udongo ao moto wa mlima unaingia mjini bila kupiga hodi, moyo wako uko wapi mbele ya Mungu?

Tuanze na Goma, kwa sababu wengi wetu tuko na ndugu kule.

Watu walizoea

Mlima Nyiragongo uko na urefu wa metre 3.470, na hauko mbali na mji wa Goma: hata kilometre 20 haziishi. Kwa miaka mingi ndani ya kilele chake kulikuwa na ziwa la moto, mawe yaliyoyeyuka. Usiku mbingu ilionekana nyekundu, na watoto walilala usingizi. Watu walizoea. Mtu anazoea hata moto juu ya kichwa chake.

Januari 10, 1977, mbavu za mlima zilipasuka. Ziwa lile la moto likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Moto wa Nyiragongo ni mwepesi sana, unakimbia kama maji, si kama uji. Wale wa vijijini waliokuwa kwenye njia yake hawakuweza kuushinda mbio.

Januari 17, 2002, siku ya Alhamisi, ardhi ilipasuka tena, mpaka karibu na mji. Moto ukapita katikati ya Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukateremka mpaka ndani ya ziwa Kivu. Watu mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Zaidi ya 100 walikufa, na watu zaidi ya 100.000 wakabaki bila nyumba.

Mei 22, 2021, siku ya Posho, magaribi, ikawa tena. Moto ulisimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Watu kama 30 walikufa. Siku tano nyuma serikali ikatoa amri ya kutoka katika sehemu kubwa ya mji, juu ya matetemeko ya ardhi. Njia ya Sake ikajaa watu wenye magodoro kichwani, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao.

Sikia jambo moja, ndugu msomaji. Wataalamu walipochunguza habari ya mwaka 2021 waliandika kwamba vyombo vyao vilionyesha dalili wazi muda usiofika saa moja mbele ya moto kutoka. Hata saa moja! Katika muda ule mama anaweza kutafuta watoto, kubeba chungu na kitambulisho. Basi, muda umekwisha.

Na isiwe tunasema "ni mambo ya Goma." Septemba 11, 2020, kule Kamituga, mvua kubwa ilijaza mashimo ya dhahabu maji, na vijana kama 50 hawakupanda tena. Mei 4, 2023, katika teritware ya Kalehe, mito ilijaa, ikabomoa Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walizikwa, na wengine hawakuonekana. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko.

"Ni zambi ya nani?"

Kila mara hatari inapotokea, kunatokea wahubiri wa kusema: "Mji ule ulijaa zambi, ndiyo maana." Na kuna watu wanaoshangilia neno hilo, kwa sababu wao nyumba zao zimesimama.

Tufungue Luka 13, mistari ya kwanza mpaka wa tano. Watu walimletea Yesu habari ya Wagalilaya waliouawa na Pilato. Yesu mwenyewe akaongeza habari ingine: mnara wa Siloamu ulianguka, ukaua watu 18. Akauliza kama wale waliokufa walikuwa wabaya kupita wengine. Akajibu mwenyewe: hapana. Yesu hakukubali kuweka maiti kwenye mizani.

Sisi ni nani tuwaweke? Mwaka 2002 moto haukuchagua. Ulipita juu ya vilabu vya pombe, na ulipita juu ya nyumba za sala. Kanisa kuu la Wakatoliki la Goma liliteketea. Asiseme mtu, "hao ni wa dini ingine," maana waamini wa makanisa yote walilala inje pamoja. Na mama aliyekwenda soko ya Nyamukubi na kitunga cha mihogo, ili mtoto asifukuzwe masomoni, utamwambia nini? Kumwekea mfiwa hukumu juu ya msiba ni kumzika mara mbili. Rafiki za Ayubu walifanya vile, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu.

Tena tuseme ukweli. Ardhi ya Kivu inapasuka pole pole, ni kazi ya dunia tangu zamani, na udongo ule ule wa mlima wa moto ndio unatupa viazi, maharagi na mashu. Lakini kuna mzigo mwingine ni wa mikono yetu. Tunakata miti yote ya mlima, kisha tunajenga chini yake kwenye njia ya mto. Tunachimba shimo bila miti ya kushikilia udongo, kwa sababu PDG anataka uzalishaji wa juma hili. Udongo ukianguka, tunasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Tusimbebeshe Mungu mzigo wetu.

Sasa kwa nini haraka?

Mtu mwingine atasema: "Pasta, kama si azabu, basi tutulie." Hapana. Soma Luka mpaka mwisho. Yesu alipokwisha kuwatetea wafu, aliwageukia wazima, akawaambia watubu. Hakusema, "Wale walikuwa wabaya." Alisema ninyi mko wazima bado, basi geukeni. Maiti ya Siloamu haikuwa somo juu ya wafu. Ilikuwa somo juu yako na mimi.

Vijana, ninajua maneno yenu, kwa sababu ninayasikia kila juma. "Pasta, nikiangukia kwenye madini mazuri, nitarudi kanisani." "Nimalize kwanza deni ya PDG." "Nioe kwanza." Na wazee nao: "Nitapatana na ndugu yangu kisha mavuno." Kila mtu ameweka Mungu kwenye kalenda, na tarehe iko mbele kila siku.

Sasa fikiri ile saa moja ya Mei 2021. Katika saa ile, nani alipata nafasi ya kwenda kwa jirani kumaliza ugomvi wa miaka mitatu? Nani alijifunza kuomba siku ile, watoto wakilia, njia imejaa pikipiki? Saa ya hatari haikupi moyo mpya. Inakukuta na moyo ulio nao. Wale mabikira wapumbavu wa Matayo 25 hawakukataa mafuta. Walitaka kuyanunua, ila waliyatafuta usiku wa manane.

Ndiyo maana Neno la Mungu linasema juu ya leo. Kesho ni ya Mungu, haijawa yako.

Imani ya woga

Lakini angalia sana. Kuna imani inayozaliwa na woga, na mimi siitafuti kwenu. Wakati wa hatari, kanisa linajaa mpaka madirishani. Watu wanatoa hirizi, wanaungama, wanaahidi. Posho imani inawaka moto; Posho ya pili imekuwa jiwe jeusi, unaweza kujengea ukuta. Mtu aliyemkimbia mlima si lazima awe amemkimbilia Yesu.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya alisimama mlimani. Upepo ukapita, na tetemeko la ardhi, na moto. Bwana hakuwa ndani ya vile vitatu. Kisha ikaja sauti ndogo, na Eliya akafunika uso wake. Yule mwenye kungojea tetemeko ili amwamini Mungu, anangojea mahali ambapo Eliya hakumwona. Sauti ndogo iko sasa, wakati unasoma ukurasa huu, chai iko mezani, na hakuna hatari yoyote. Siku ya amani ndiyo siku nzuri ya kutubu, kwa sababu hakuna anayekusukuma.

Imani yenye kujenga

Noa aliamini, akachukua shoka. Hakukaa kuimba tu. Imani ya haraka si ya kupiga kelele. Inasikiliza onyo na inatengeneza nyumba. Ibilisi alimwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, eti malaika watamshika. Yesu alikataa kumjaribu Mungu. Kijana anayeshuka shimoni kisha ya mvua kubwa, akisema "Mungu atanichunga," anafanya lile Yesu alilokataa.

Kwa hiyo, wapendwa:

Baba na mama, ongeeni na watoto: hatari ikitokea na tumepotezana, tutakutana wapi? Fundisheni hata mdogo kutaja jina lake, la baba na la mama. Watoto wa Goma waliopotezana na wazazi wangesaidiwa sana na neno hilo moja.

Ninyi wa karibu na mlima, mkijua kwamba kuna mazuku, ule upepo mbaya usioonekana unaokaa mahali pa chini, msipeleke watoto wala mbuzi pale. Na moto ukisimama, msivuke juu yake mapema. Mwaka 2021 kuna watu waliokufa kwa hewa mbaya walipopita juu ya mawe yenye moto bado.

Wachimbaji, mzee wa shimo akisema udongo umepasuka, msimcheke. Franga ya siku moja haimlishi mjane.

Wazee wa kanisa, andikeni majina ya wajane, wagonjwa na vilema wa kartie yenu. Siku ya kukimbia, nani atamshika mkono yule kipofu? Upendo usiopangwa mbele unafika nyuma.

Leo jioni

Ndugu msomaji, sijui kama utaona hatari ya mlima ao ya maji katika maisha yako. Pengine utakufa mzee, kitandani, wajukuu wakikuzunguka. Lakini hata kitanda kiko na saa yake, na saa ile nayo haipigi hodi. Yesu hapigi hodi ili kubomoa nyumba yako. Anapiga hodi ili aingie, mkae mezani pamoja.

Leo jioni, kabla ya kuzima taa, fanya mambo matatu. Ungama kwa Mungu lile unalolijua, kwa jina lake, bila kulizungusha. Tuma salamu kwa yule mliyekosana naye. Kisha omba pamoja na wa nyumba yako, hata dakika tano.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Kuna mtu tuliyemhukumu kwa sababu ya msiba wake? Tutamwendea namna gani?
2. Ni jambo gani kila mmoja wetu anamwambia Mungu "ngoja kwanza"?
3. Tukilazimika kutoka usiku huu, tutapita njia gani, na tutambeba nani?