TUNGA INSHA KWANZA: NILIVYOUPANGA MCHEZO WA KARATA KATIKA TARAKILISHI

Leo sikuletei shairi wala chemshabongo. Nataka kukueleza jambo ambalo wengi wetu hudhani halihusiani kamwe na Chama cha Kiswahili, nalo ni kuandika programu ya tarakilishi. Tafadhali usifunue ukurasa mwingine! Ukinivumilia hadi mwisho utaona kuwa kilichoniokoa katika kazi hii ni insha, nomino na vitenzi.

Programu yenyewe ni ya mchezo wa kadi, ule tunaoucheza mtaani wakati wa likizo. (Hatuchezi kwa pesa, na shuleni karata ni marufuku, kwa hivyo walimu wasinitafute.) Kwa asiyeujua, sheria za mtaani kwetu ni hizi. Kila mchezaji hupewa karata nne. Karata moja hufunuliwa katikati. Zamu yako ikifika, unatupa karata inayolingana na ile iliyo juu, ama kwa aina ama kwa cheo. Ukikosa unaokota moja. Ukitupa mbili, mwenzako anaokota karata mbili, na ukitupa tatu anaokota tatu. Jeki humruka anayefuata na mfalme hugeuza mzunguko. Ukiona utamaliza katika zamu ijayo, sharti utangaze, "Niko kadi!" Usipotangaza, huruhusiwi kumaliza.

Pakiti ina karata 52, yaani aina 4 mara vyeo 13. Aina hizo kwa Kiswahili ni shupaza, kopa, uru na pau. Maneno haya, pamoja na neno "karata" lenyewe, yalitoka katika Kireno, kwa kuwa Wareno walifika pwani yetu mwaka wa 1498 na wakakaa muda mrefu. Nilipoanza kazi yangu niliamua kwamba kila neno litakalotokea kwenye kioo cha tarakilishi liwe la Kiswahili. Mwalimu mlezi wa chama alifurahi sana akaniambia niuonyeshe mchezo huo mbele ya wanachama.

Haraka haraka haina baraka. Kipindi cha tarakilishi ni dakika 40, na sisi huketi watatu kwa mashine moja. Nilipopata nafasi tu, nilianza kupiga chapa bila kufikiri. Niliandika amri moja baada ya nyingine, kutoka juu hadi chini kama mtu anayeteremka ngazi, hadi zikafika mistari kama 300. Kila nilipokumbuka sheria nyingine, niliichomeka popote palipokuwa na nafasi.

Siku ya kuonyesha ilifika. Wachezaji walikuwa wawili, na wanachama wengine walisimama nyuma yao. Karata zikagawanywa. Kumbe wote wawili walikuwa na ree ya shupaza, yaani ile A nyeusi ambayo katika pakiti iko moja tu! Watu wakacheka. Nikasema ni bahati mbaya, nikaanzisha mchezo upya. Safari hii mmoja alitupa tatu, na mwenzake akaokotewa karata mbili. Hapo kicheko hakikuzuilika. Mvulana mmoja aliyekuwa nyuma akasema, "Ndiyo maana! Kiswahili na tarakilishi haviendi pamoja."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kushindwa kwenyewe. Nilijua kosa ni langu wala si la lugha, lakini ningelionyeshaje? Mimi ni mwanafunzi wa kutwa na nyumbani hatuna tarakilishi. Jioni hiyo nilikuwa na daftari na kalamu tu. Basi nikafanya nilichoweza kufanya kwa kalamu: niliandika insha fupi kuueleza mchezo wa kadi. Sehemu yake ilikuwa hivi:

"Mchezo unaanza. Pakiti inachanganywa. Kila mchezaji anapewa karata nne kutoka kwenye pakiti. Karata moja inawekwa juu ya rundo. Mchezaji anachagua karata na kuitupa juu ya rundo. Mchezo unaangalia kama karata hiyo inalingana na ile ya juu. Mchezaji akikosa, anaokota kutoka kwenye pakiti."

Halafu nikapigia nomino mstari mmoja na vitenzi mistari miwili, kama tunavyofanya katika sarufi. Nomino zilizojirudia zilikuwa mchezo, pakiti, mchezaji, karata na rundo. Nikazitazama, nikaona kuwa programu yangu ya kwanza haikuwa na hata kimoja kati ya vitu hivyo. Ilikuwa na amri tu, zimerundikana. Mwalimu wa tarakilishi alipoiona insha hiyo kesho yake aliniambia, "Sasa uko tayari kujifunza klasi."

Klasi ni nini? Sisi wa Chama cha Kiswahili tusiogope neno hili, maana tunazijua ngeli. Ukijua kwamba "kiti" kimo katika ngeli ya KI-VI, unajua mara moja kitakavyojiendesha katika sentensi: kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Huhitaji kukariri kiti kimoja kimoja. Klasi nayo hueleza vitu vya jamii moja vina sifa gani na vinaweza kutenda nini. Lakini klasi yenyewe si kitu bado. Ni kama kalibu ya matofali. Kalibu ni moja, ila matofali yanayotoka humo ni mengi, na kila tofali lina mahali pake ukutani. Kwa hivyo klasi ya Karata niliiandika mara moja tu, kisha tarakilishi ikafyatua karata 52 kutoka kwayo, kila moja ikiwa na aina yake na cheo chake.

Wazo hili si la jana. Lilitoka Norwei, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliunda lugha ya tarakilishi iitwayo Simula katika miaka ya 1960. Walitaka kuiga ndani ya tarakilishi mambo yanayotendeka duniani. Lugha niliyoitumia mimi ni Python, iliyotolewa mwaka wa 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Maneno yake machache ya msingi ni ya Kiingereza, lakini majina ya klasi na ya vitendo unaweza kuyaandika kwa Kiswahili na tarakilishi isinung'unike hata kidogo.

Sasa hebu tuupange mchezo wetu. Nilizipanga klasi zangu tano daftarini namna hii:

Karata: inajua aina yake na cheo chake. Inaweza kusema jina lake, na inaweza kusema kama inalingana na karata nyingine.

Pakiti: inajua karata zilizobaki. Inaweza kujichanganya na kutoa karata ya juu.

Rundo: linajua karata zilizokwisha kutupwa. Linaweza kupokea karata na kuonyesha iliyo juu.

Mchezaji: anajua jina lake na karata zilizo mkononi mwake. Anaweza kupokea karata, kuchagua, kutupa na kutangaza "Niko kadi!"

Mchezo: unajua wachezaji, zamu ni ya nani na mzunguko unaelekea wapi. Unaweza kugawa karata, kutekeleza sheria na kumtangaza mshindi.

Zingatia mambo mawili hapa. La kwanza, si kila nomino inastahili kuwa klasi. "Aina" na "cheo" ni nomino, lakini ni sifa za karata tu, kama vile urefu ulivyo sifa ya mtu. La pili, kila kitenzi kipewe mwenye habari. Nilibishana sana na rafiki yangu wa dawati kuhusu "kuchanganya". Yeye alisema ni kazi ya mchezaji, kwani nyumbani ni mtu anayechanganya karata. Mimi nikasema ni kazi ya Pakiti, kwa sababu ndiyo inayojua ni karata zipi zilizobaki. Mwalimu aliamua kwa swali moja: "Nani ana habari zinazohitajika ili kazi hiyo ifanyike?" Tangu siku hiyo swali hilo nimeliandika kwenye jalada la daftari langu.

Klasi hizi hushirikiana kama watu wa matatu. Dereva hashiki nauli na makanga hashiki usukani. Abiria akitaka kushuka, makanga hugonga bodi na dereva husimama. Dereva hana haja ya kujua abiria huyo alilipa shilingi ngapi. Vivyo hivyo Mchezo hauingizi mkono ndani ya Pakiti na kuchomoa karata wenyewe. Unaiambia Pakiti, "Toa karata ya juu," nayo inatoa.

Hapa ndipo nilipogundua siri ya zile ree mbili. Katika programu ya kwanza hapakuwa na pakiti hata kidogo. Kila karata ilipohitajika, tarakilishi ilibahatisha aina na cheo upya, bila kukumbuka ilichokwisha kutoa. Mwalimu wa hisabati alinisaidia kupiga hesabu. Wachezaji wawili wakipewa karata nne kila mmoja kwa njia hiyo, uwezekano wa kutokea karata pacha ni kama asilimia 43. Karibu nusu ya michezo yangu ingekuwa na kasoro! Sasa Pakiti ikitoa karata, karata hiyo huondoka kwenye orodha yake, na haiwezi kutolewa tena.

Kuchanganya nako kuna njia yake. Ukizipanga karata 52 mezani, chukua ya mwisho uibadilishane mahali na yoyote iliyochaguliwa kwa bahati nasibu kati ya zote 52, yenyewe ikiwemo. Kisha nenda kwa ya 51, uchague kati ya 51 zilizobaki, na kuendelea hadi mwanzo. Njia hii ilichapishwa na Ronald Fisher na Frank Yates mwaka wa 1938 kwa ajili ya kazi za kalamu na karatasi, na mwaka wa 1964 Richard Durstenfeld aliitolea namna inayofaa tarakilishi. Idadi ya mipangilio inayowezekana ya karata 52 ni namba yenye tarakimu 68. Jaribu kuiandika ubaoni uone!

Na ile tatu iliyookotesha karata mbili? Hapo mwanzoni sheria ya adhabu niliiandika mahali saba tofauti. Nilipoirekebisha, nilibadilisha mahali sita nikasahau pa saba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa sheria hiyo iko mahali pamoja tu, ndani ya Mchezo. Binamu yangu alipotutembelea na kusema kwao hucheza pia na joka, ambayo humwokotesha mtu karata tano, niliongeza karata mbili katika Pakiti na mistari michache katika Mchezo. Klasi ya Mchezaji na ya Rundo sikuzigusa kabisa. Huo ndio uzuri wa kupanga vitu: ukibadilisha chumba kimoja, nyumba nzima haianguki.

Kuna faida nyingine iitwayo urithi. Nilitaka mtu aweze kucheza na tarakilishi yenyewe. Sikuandika mchezaji mwingine kuanzia mwanzo. Nilitengeneza klasi ya MchezajiTarakilishi inayorithi kila kitu kutoka kwa Mchezaji, nikabadilisha kitendo kimoja tu cha kuchagua. Mchezaji wa kawaida husubiri mtu abonyeze kitufe, ilhali huyu hupekua karata zake na kutupa ya kwanza inayolingana. Lakini ndugu msomaji, usilewe na urithi. Nilitaka kutengeneza klasi ya jeki, klasi ya mfalme na klasi ya kila cheo, mwalimu akanizuia. Kwa mwanafunzi anayeanza, klasi tano au sita zinatosha.

Nikushauri pia ujaribu klasi moja moja. Mimi nilianza na Karata peke yake, nikaiambia iseme jina lake. Ilipojibu "Saba ya kopa" ndipo nikaandika Pakiti. Nikaiamuru itoe karata zote, nikazihesabu: 52, hakuna pacha. Kwa njia hiyo, kosa likitokea unajua liko chumba gani. Nami kwa kuwa nilikuwa nimepanga yote daftarini nyumbani, zile dakika 40 nilizitumia kupiga chapa tu, sikuzipoteza kwa kujikuna kichwa.

Muhula uliofuata nilirudi mbele ya wanachama. Nakiri mikono ilikuwa ikitetemeka. Tulicheza michezo minne. Hapakuwa na ree pacha, na tatu iliokotesha tatu. Katika mchezo wa nne yule mvulana wa nyuma aliomba naye acheze na tarakilishi. Akabaki na karata moja, akasahau kutangaza. Mara kioo kikaandika: "Hukusema niko kadi. Okota moja." Akacheka mwenyewe, kisha akaniuliza nilianzaje kuipanga kazi hiyo. Nilimpa daftari langu lenye ile insha, na mpaka ninapoandika makala haya hajalirudisha.

Kwa hivyo, mwanafunzi mwenzangu, siku ukipewa kazi ya kuandika programu, iwe ya karata, ya maktaba au ya duka, usikimbilie mashine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tunga insha yako kwa lugha unayoifahamu, pigia nomino na vitenzi mstari, kisha uulize kila kitenzi ni cha nani. Ukishindwa kuueleza mchezo kwa maneno yako mwenyewe, tarakilishi haitakuelezea.

Wino umeniishia. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda. Wasalaam.